Kubadili Lengo Si Kuyumba

Mwandishi mmoja anadai kwamba mwekezaji wa hisa anayebadili malengo njiani hana msimamo. Kwa heshima zote, hapa amepotoka.

Turudi mwaka 2008, Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 5. Wakenya walifurika kwa madalali, wengine kwa fedha za mkopo wa benki. Lengo la wengi lilikuwa moja: kuuza bei ikipanda siku za mwanzo. Haukupita mwaka, hisa ikashuka chini ya shilingi 3, na riba ya benki haikungoja mtu. Kwa mantiki ya mwandishi huyu, aliyenunua ili auze upesi alipaswa kuuza kwa hasara, kisha ajisifie msimamo. Waliotulia wakasoma hesabu za kampuni waliona jambo jingine: gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa. Lengo likahama kutoka faida ya wiki hadi kipato cha kila mwaka. Mwaka 2021 hisa ilivuka shilingi 40; ikaporomoka tena, lakini gawio likaendelea kulipwa.

Hata Warren Buffett, mwekezaji maarufu wa Marekani, alianza kwa kusaka hisa za bei ya kutupa. Ununuzi wa See's Candies, kampuni ya peremende, mwaka 1972 ulimfunza kulipia ubora.

Nakubaliana na mwandishi kwa jambo moja: anayeuza kwa hofu, kisha akaiita hofu hiyo lengo jipya, anajidanganya. Basi jiulize: kilichobadilika ni uelewa wako, au ni bei ya leo tu? Kama ni uelewa, badili lengo bila aibu.