Mraibu: Mgonjwa au Mkosaji?



Swali linalorudi kila mara katika mabaraza yetu hapa Richardson ni hili: kijana aliyetawaliwa na dawa za kulevya ni mgonjwa, au ni mtu aliyeshindwa kuizuia nafsi yake? Sisi wazee tuliolelewa mwambao tuna jibu tayari. Kule Mombasa na Unguja mla unga tulimwita teja, tukampita ukutani alipokaa.

Kwa maoni yangu, kuonja mara ya kwanza ni kitendo cha hiari, na mtendaji ataulizwa. Yanayofuata ni jambo jingine. Mwili uliozoea heroini ukiikosa huingia arosto: jasho, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi. Hata hayo yakipita, tamaa hubaki ubongoni, na ndiyo maana aliyetulia miezi sita huteleza tena. Mwenye kisukari hatumwambii ajikaze tu, ingawa pengine ulaji wake ulichangia maradhi yake. Tunampeleka kwa daktari, na Ramadhani hatumlaumu kwa kutofunga.

Nyumbani wamekwisha kulifahamu hili. Zanzibar nyumba za upataji nafuu, ambamo waraibu huishi pamoja wakisaidiana, zilianza mwaka 2009. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu, ambayo huzuia arosto na kumwezesha mtu kurudi kazini. Wapo wasemao kuwa huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wamuulize mama ambaye mwanawe ameacha kumwibia sufuria.

Linalonisumbua zaidi ni desturi yetu ya huku ughaibuni. Kijana akigundulika hufichwa, kwa kuchelea maneno ya watu na posa za dada zake. Kisha hukatiwa tiketi akanyooshwe kwa mjomba. Anapelekwa wapi? Mombasa, ambako heroini imo mitaani tangu miaka ya 1980! Na hata akijiepusha nayo kabisa, hatari ipo. Akikaa miezi bila kutumia, mwili hupoteza uzoefu wake; siku atakaporudi Texas akatumia kipimo kile kile cha zamani, pumzi husimama. Familia hudhani amepona, kumbe hapo ndipo anapohitaji kuangaliwa zaidi.

Wala tusidhani jambo hili li mbali nasi. Carrollton, si mbali na hapa, wanafunzi kadhaa walizidiwa na vidonge vyenye fentanili kati ya 2022 na 2023, na baadhi yao walikufa. Walikuwa watoto wa shule, wengine hata hawakujua wanameza nini.

Tangu 2023 dawa ya naloksoni, iitwayo Narcan, inauzwa katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari. Hupulizwa puani, nayo humrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini au fentanili. Mpigie simu 911 wakati huo huo, hata akizinduka, kwani nguvu ya naloksoni huweza kuisha kabla sumu haijatoka mwilini. Sisi tumeiweka juu ya friji, na wajukuu wote wanajua ilipo.