Ukikataza, Onyesha Njia

Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wetu hapa Soweto, Mbeya. Mguu wake mmoja una ulemavu tangu kuzaliwa, naye hujipatia chakula kwa kuchomelea vyuma. Alifungua mfuko wake akatuwekea mezani jogoo aliyeundwa kwa vyuma chakavu: kiwiliwili ni vipande vya springi ya lori, shingo ni mnyororo wa baiskeli, na macho ni nati mbili. Kisha akauliza, "Maalim, mfanyabiashara mmoja ataka majogoo 20 kama huyu, na twiga 10, awauzie wageni. Nifanye au niache?"

Kazi hii si ngeni katika nchi zetu. Huko Nairobi, Kioko Mwitiki amepata sifa kwa kuunda wanyama wa vyuma chakavu, hata ndovu mwenye kimo cha ndovu hasa. Na Dar es Salaam, katika miaka ya 2000, kilianzishwa kikundi cha Wonder Welders, ambamo watu wenye ulemavu, baadhi yao wakiwa wameugua polio, walifundishwa kuunda wanyama kwa vyuma vilivyotupwa, wakala kwa jasho lao.

Basi swali la kijana huyu si jepesi. Ndani yake mna mambo mawili: sharia ya sanamu, na riziki ya mtu.

Ama sharia, maulamaa walio wengi wamekataza kuunda sanamu kamili yenye kivuli ya kiumbe mwenye roho, kwa kutegemea hadithi sahihi za Mtume wetu (S.A.W.). Wengi wao wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, kwani Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa, naye Mtume asimkataze. Wala chuma chenyewe hakina lawama: ndani ya Qur'ani mna sura iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, na Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma akafua deraya za vita. Lakini twiga wa kupambia sebule si mwanasesere. Hatukuweza kumficha kijana neno hilo.

Aliinamisha kichwa, akasema, "Na kodi ya chumba, Maalim?"

Hapo tukakumbuka kisa cha Ibn Abbas (R.A.) alichokipokea Bukhari. Mtu mmoja alimwendea akamweleza kwamba riziki yake yatokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas akampa onyo alilolisikia kwa Mtume, na yule mtu akafadhaika mno hata uso ukambadilika rangi. Je, alimwacha hivyo? La. Alimwonyesha mlango mwingine: atengeneze miti, na kila kisicho na roho.

Hapa pana funzo kubwa kwa wazazi na walimu, nasi tukiwa wa kwanza. Neno "haramu" ni jepesi ulimini, lakini halilipi kodi. Ni mara ngapi twamkataza kijana kazi, kisha mlango wa nyumba twauagiza kwa fundi wa mbali, kwa kuwa huyu wa jirani ana ulemavu? Mwenye kukataza asionyeshe njia amefanya nusu ya wajibu wake, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Basi tuliitazama kazi yake upya. Mkono ulioupinda mnyororo ukawa shingo hautashindwa na mgomba, tawi la mparachichi, ua la pareto, taa ya ukutani wala chetezo cha udi. Madirisha mawili ya madrasa yetu hayakuwa na nondo. Kazi hiyo tumempa yeye, kwa bei yake, bila kumpunguzia kwa kisingizio cha thawabu. Mzazi mmoja naye ameagiza kitanda. Yule mfanyabiashara amekubali miti mitano ya kujaribia. Kama itanunuliwa, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Na yule jogoo? Amepigwa tupa ncha zake zote, naye sasa aburutwa kwa kamba uani na mpwa wa fundi, mtoto wa miaka minne.

Wabillahi tawfiq.