Hao Wanaoanguka ni Watoto wa Nani?



Mara kwa mara tunaonywa juu ya sinema. Tunaambiwa tujihadhari na uchi, na matusi, na uchawi. Maonyo hayo ni ya haki, wala siyapingi. Lakini nasema wazi kwamba hayatoshi. Iko filamu isiyo na uchi wala uchawi, ambayo mzazi yeyote angeiruhusu nyumbani mwake, na bado inamtia mtazamaji sumu. Sumu hiyo ni dharau, nasi tunaimeza tukishangilia.

Jioni moja hapa Kakanda tulikusanyika kwa jirani kutazama “The Siege of Jadotville”, filamu iliyotoka mwaka 2016. Tuliichagua kwa furaha, maana Jadotville ni jina la kikoloni la Likasi yetu. Habari yake ni ya kweli. Mwezi wa Septemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa wapatao 150 kutoka Ireland, chini ya kamanda Pat Quinlan, walizingirwa na majeshi ya Katanga ya Moïse Tshombe pamoja na mamluki Wazungu. Shambulio lilipoanza, wengi wao walikuwa katika Misa. Walipigana kwa siku kadhaa, kisha wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa.

Kila bunduki zilipolia na watu kuanguka, sisi tulipiga makofi. Ndipo mzee mwenye nyumba, aliyezaliwa Likasi ilipokuwa ingali Jadotville, akauliza kwa sauti ya chini: “Wanangu, na hao wanaoanguka ni watoto wa nani?” Hakuna aliyemjibu. Walikuwa watoto wa nchi hii. Huenda wengi wao walibatizwa kama sisi. Tulikuwa tumeshangilia kifo cha babu zetu, na hatukujua.

Sisemi kwamba vita vya Tshombe vilikuwa vya haki, wala siwanyimi wale askari sifa ya ushujaa wao. Walikaa miaka mingi bila kuheshimiwa nchini mwao, na ni vema wakumbukwe. Neno langu ni jingine. Katika filamu hiyo mgeni ana jina, ana mke anayemngoja, ana hofu na mzaha. Mwenyeji, ukiwatoa wakubwa wachache, ni mwili unaokimbia kuelekea risasi. Hata ardhi si yetu: filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini. Imechukua jina la mji wetu, ikawaacha watu wake.

Wako watakaosema: “Ni burudani tu, ndugu, usitusumbue.” Nawajibu: burudani hufundisha kuliko shule, kwa sababu mtu anayeburudika hajilindi. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uwongo. Kumwonyesha jirani kana kwamba hana mama wa kumlilia ni uwongo mmojawapo, hata kama tarehe zote ni sahihi.

Wengine watasema kwamba basi tukatae filamu zote za wageni. Hilo pia si kweli. Mwaka 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alitoa filamu iitwayo “Makala”, iliyopigwa upande wa Kolwezi, na watu wake wanasema Kiswahili. Kijana Kabwita anakata mti mkubwa kwa shoka, anachoma makala, anayapakia juu ya baiskeli mpaka baiskeli haionekani tena, kisha anaisukuma kilometa zipatazo 50 hadi mjini. Magari makubwa yanampita na kumfunika vumbi. Njiani wanamtoza kabla hajapita. Sokoni wanambishia bei. Anaulizia bei ya mabati ya nyumba anayotaka kujenga, na fedha hazitoshi. Mwishoni anaingia kusali. Hakuna bunduki hata moja, na bado nilishika roho mkononi kila baiskeli ilipoyumba. Wangapi kati yetu tumempita mtu kama huyo barabarani bila kumwamkia? Mgeni alimtazama kwa subira, nasi tuliomzoea tukajifunza kumwona. Basi kosa haliko katika uraia wa mwenye kamera. Liko katika jicho lake, na katika jicho letu sisi watazamaji.

Tangu mwaka 1963, katika hati “Inter Mirifica”, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mtazamaji naye ana wajibu wa kuchagua. Kuchagua si kuzima televisheni tu. Naomba kila kundi la vijana, likimaliza kutazama filamu, lijiulize maswali matatu. Nani amepewa jina? Nani ameachiwa nafasi ya kusema? Nani amekufa bila kuliliwa? Tukikuta kwamba asiyeliliwa ni yule anayefanana nasi, au yule tunayemdharau, tusitoke mle kimya.

Tena tusingoje wengine watusimulie. Kule Lubumbashi kundi la Mufwankolo liliigiza maisha ya watu wa kawaida kwa Kiswahili cha Katanga, na watu walijitambua na kucheka. Sisi tuna simu mikononi na wazee wanaokumbuka. Twende tukawasikilize kabla hawajaondoka.

Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Mkristo anayetazama filamu asikubali kuwahesabu watu kama maganda ya risasi.