Punguzeni Sauti, Watoto Wasimulie

Mtaani kwetu Igoma, jijini Mwanza, siku hizi mwalimu wa Kiingereza wa bei nafuu ni king'amuzi. Mzazi asiyemudu ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza hulipia kifurushi cha mwezi, akamkalisha mtoto kwenye mkeka, akamfungulia chaneli ya katuni, kisha akarudi kwenye cherehani au kikaango chake cha samaki. Mtoto akidondosha kikombe na kusema "Oh no!", nyumba nzima hucheka kwa fahari. Jirani yangu aliniita nimsikie wa kwake. "Mwalimu, hebu njoo, anamwaga ung'eng'e!" Kweli, alitaja rangi zote na kuhesabu mpaka kumi, lafudhi ya Peppa Pig tupu. Nikamuuliza kwa Kiingereza chepesi kaka yake yuko wapi. Akanitazama, akaanza rangi upya.

Nafundisha darasa la kwanza, na sina ugomvi na katuni. Nagombana na imani kwamba katuni ikiachwa peke yake itamfundisha mtoto kuzungumza. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Seattle, Marekani. Watoto wachanga wa miezi tisa waliochezeshwa na kusomewa vitabu na watu wanaozungumza Kichina walianza kuzitofautisha sauti za lugha ile. Wenzao walioonyeshwa mambo hayohayo kwenye video hawakuambulia kitu. Mtoto wa jirani si mchanga tena, na maneno ameyaokota kweli. Ila hajawahi kujibiwa na mtu.

Watengenezaji makini wa katuni wanalijua hilo. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilianza na Ubongo Kids kupitia TBC1 mwaka 2014, kisha likaja na Akili and Me kwa ajili ya wadogo zaidi. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Huwageukia watazamaji, akauliza, akangoja. Watoto wangu humjibu kwa kelele utadhani wako jukwaani kwenye uwanja wa CCM Kirumba. Kazi nzuri, naisifu. Hata hivyo, Akili hawezi kumsikia aliyesema "lafiki" badala ya "rafiki", na huku Usukumani hao ndio wengi. Hawezi pia kumwona yule wa nyuma ambaye hakusema chochote.

Suala hili la kuweka mtu kati ya picha na mtazamaji mabanda ya video yalilimaliza zamani, bila semina wala posho. Filamu ilitoka Marekani au Hong Kong, lugha haijulikani, lakini sauti ya marehemu Lufufu, msimulizi wa filamu, ilikuwa juu yake. Alitafsiri, akatania, akaeleza kwa nini jambazi kakasirika, akamsuta mhusika kwa ujinga wake. Watu walilipa kumsikiliza yeye kama walivyolipa kuiona filamu. Katika mafunzo yote niliyopewa kuhusu zana za kufundishia, hakuna aliyenitajia Lufufu, na sijaona mfano bora kuliko ule.

Ndiyo maana katuni ninayoipenda kwa somo la Kiswahili haina Kiswahili ndani yake. Ni Tom and Jerry, waliobuniwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940, ambao karibu hawasemi neno. Jumamosi watoto wa mtaa hujazana sebuleni kwangu, naweka flashi kwenye runinga, napunguza sauti, na mmoja anakuwa DJ, yaani msimulizi kama Lufufu. Mara ya kwanza husikii zaidi ya "paka anakimbia, panya anakimbia". Narudisha kipande kilekile. Wenzake wanaanza kumsahihisha, anabishana nao, na ikifika mara ya tatu au ya nne unasikia: "Paka alipoona panya kaingia tundu, akajifanya amelala, kumbe jicho moja liko wazi." Hiyo "akajifanya" nimeiandika ubaoni miaka na miaka, watoto wakainakili vizuri na kutoitumia kamwe.

Runinga ikikosekana, na darasani kwetu haipo, tunayo hadithi ya zimwi Shing'weng'we. Anayetaka kujua uzito wa hadithi za Wasukuma apande daladala mpaka Kisesa, aingie makumbusho ya Bujora. Kama alivyonisimulia bibi yangu, zimwi hilo liliwameza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua akaanza kuwinda zimwi asilolijua sura. Analeta panzi: mama, ndiye huyu? Hapana mwanangu, huyo ni panzi. Analeta ndege, analeta swala, swali ni lile, jibu ni lile, jina tu linabadilika. Darasa zima linakuwa mama. Hata mtoto anayeongea Kisukuma tupu nyumbani hupata pa kuingilia, maana jibu analijua kabla zamu yake haijafika.

Mzazi mmoja alilalamika kwamba nawatisha watoto kwa mazimwi wakati wenzao wanasoma Kiingereza. Kuhusu kutisha ana haki kidogo. Ule mwisho ambapo Masala Kulangwa analipasua zimwi na kumkata bibi kizee sikio kwa bahati mbaya naupitia haraka. Kuhusu Kiingereza, hapana. Watoto wakishaijua hadithi, naigeuza. Panzi anakuwa "grasshopper", swali linabaki palepale, na hakuna anayepotea kwa sababu kisa kiko kichwani tayari. Kigeni ni lugha peke yake.

Natamani siku moja wachoraji wetu wamtie Masala Kulangwa kwenye katuni. Wakifanya hivyo nina ombi moja, nalo litawapunguzia gharama: mama wasimrekodie sauti. Kijana aulize, picha isimame. Watu wa kumjibu tunao.