Siti na Salme Warudi Dukani, Lakini Wasirudi Watupu

Nakala yangu ya Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert kuhusu mwimbaji wa taarabu wa Unguja, ni fotokopi ya fotokopi. Aliyetoa ile ya kwanza alikionea kitabu huruma, hakutaka kukivunja mgongo, basi maneno yote yaliyo karibu na mshono yamemezwa na kivuli cheusi. Nimekisoma hivyo hivyo kwa miaka, nikibahatisha silabi. Kuna siku nilidhani nimebahatisha vizuri kuliko Shaaban Robert mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

Kila inapozuka hoja ya kuchapa upya vitabu vya namna hii, jibu huwa fedha. Karatasi ghali, wanunuzi wachache, skani kitabu ukiweke mtandaoni yaishe. Hoja ya fedha naielewa. Ya hakimiliki ndiyo haina nguvu tena. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na sheria ya Tanzania ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hesabu hiyo iliisha mwaka 2012. Salme binti Said, aliyeitwa Emily Ruete baada ya kubatizwa, alifariki Ujerumani mwaka 1924, na kumbukumbu zake alizozitoa Berlin mwaka 1886 ni mali ya umma siku nyingi. Anayetaka kuchapa achape.

Swali langu ni jingine: achape nini hasa?

Nawataja wanawake hawa wawili pamoja kwa sababu vitabu vyao vinatazamana kama nyumba mbili za Mji Mkongwe zinazotenganishwa na uchochoro. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, binti wa Seyyid Said, sultani wa Unguja. Mabinti wa jumba lile walifundishwa kuisoma Kurani, si kuandika. Yeye akatafuta mfupa wa bega la ngamia, akawa anaziiga juu yake herufi za Msahafu kwa siri, moja moja, mpaka mkono ukazoea. Mkono huohuo ndio ulioandika barua za njama ya ndugu yake Barghash dhidi ya kaka yao Majid, aliyekuwa sultani, mwaka 1859, na miaka mingi baadaye ukaandika kitabu kwa Kijerumani, yeye akiwa mjane mwenye watoto katika nchi ya baridi.

Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, akawa akitembeza vyungu mjini. Hakusoma shule. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Utumwa ulikuja kuondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wakati yeye ni msichana. Mwanamke huyo ndiye aliyeitoa taarabu kwenye Kiarabu cha ikulu akaiimba kwa Kiswahili cha Ng'ambo, upande wa mji wa watu wa kawaida, na mwaka 1928 akapanda meli na wenzake kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Watu walimtungia wimbo wa kumkejeli asili yake, naye akawajibu kwa wimbo. Kuandika hakujua, hivyo maisha yake yakaandikwa na mtu mwingine.

Sasa fungua kitabu cha Salme kwenye sura ya utumwa. Anautetea. Anasema Wazungu hawakuuelewa, na kwamba watumwa wa Waarabu walitendewa vyema. Wapo wanaosema kitabu chenye maneno hayo kisirudi dukani, na wapo wanaotaka kirudi sura hiyo ikiwa imenyofolewa. Wote nawakatalia. Ukiinyofoa sura ile unambakisha binti mfalme wa kwenye kadi za watalii, mwenye mapenzi na Mjerumani na manowari ya Kiingereza iliyomtorosha mwaka 1866. Iache, lakini pembeni yake weka maelezo yanayomtaja mtoto aliyezaliwa Fumba miaka michache kabla kitabu kile hakijatoka, akaitwa Mtumwa. Msomaji wa Unguja hatahitaji kusukumwa zaidi ya hapo.

Wasifu nao una mahitaji yake. Shaaban Robert alikuwa mtu wa sifa na maadili, na Siti wake ni mfano mwema wa kuigwa. Ni Kiswahili kitamu, sikatai. Lakini Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha 2001, amekusanya ushuhuda wa wazee waliomsikia Siti akiimba, na anayeonekana humo ana ulimi mkali. Wimbo wake wa Kijiti ulibeba kesi ya mwanamke aliyeuawa, ambamo mshtakiwa alitorokea bara na adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Toleo jipya la Wasifu lisilo na utangulizi wa kuyaeleza haya, wala maelezo ya nyimbo, litakuwa fotokopi yangu tu iliyosafishwa kivuli.

Tukitaka kujua uchapaji wa pupa unavyokuwa, tutazame yaliyompata Salme kwa Kiingereza. Tafsiri ya Lionel Strachey ya 1907 ni ya bure, kwa hiyo mtandaoni imejaa, kila mchapaji na jalada lake. Mwaka 2022, Andrea Emily Stumpf, wa uzao wa Salme mwenyewe, alitoa tafsiri mpya akilalamika kwamba zile za zamani zilipotosha sauti ya bibi yake. Zaidi ya miaka mia moja ya kuchapa na kuchapa, na bado ilibidi mtu aanze upya kwenye Kijerumani. Anayemleta kwa Kiswahili na aanzie hapo hapo, asipitie kwa Strachey.

Kazi hiyo ina gharama, na sitarajii mchapaji binafsi aibebe peke yake. Maktaba za mikoa na vyuo zikiahidi kununua hata nakala 1,000 kabla mashine haijawashwa, hesabu inabadilika. Skani nazo ziwekwe, sina ugomvi nazo, ila skani inahitaji kitabu kamili.

Kwa hiyo wewe mwenye chapa ya zamani ya Wasifu kabatini, yenye kurasa zote na mshono mzima: ipeleke Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani ipigwe picha, kisha urudi nayo nyumbani.