Kimelea Chetu, Elimu ya Wengine

Kuna maneno yaliyozoeleka mabwenini mwetu, na hata kwenye ofisi za walimu, kwamba utafiti wa mambo ya ndani ya seli ni anasa ya nchi zilizoshiba. Sisi wa West Nile, wanasema, tupewe dawa, vyandarua na barabara. Habari za kalsiamu kuingia na kutoka kwenye utando wa seli waachiwe wenye fedha. Nimeyasikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Nayapinga, tena nayapinga nikiwa mtoto wa Awindiri, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu hiyo ya kalsiamu imetoka kwenye ukoo wa kimelea kilichoua watu wa kwetu.

Twende kwanza kwenye kalsiamu yenyewe. Muhula mzima wa somo la seli, tulichoandikishwa kuihusu ni mstari mmoja: huimarisha mifupa na meno. Si uongo, lakini ni sawa na kusema kazi ya moto ni kuchemsha chai. Seli hai hujitahidi usiku na mchana kuifukuza kalsiamu. Nje ya seli ipo nyingi, ndani imebaki kidogo mno, tofauti ya mara 10,000 hivi. Kwa hiyo mlango mdogo ukifunguka kwenye utando, kalsiamu humiminika ndani na seli nzima hupata habari. Msuli hujikunja, neva hupitisha ujumbe, yai lililorutubishwa huanza safari yake. Ikizidi na kukaa humo muda mrefu, seli hufa. Sydney Ringer aliiona nguvu hiyo kule London katika miaka ya 1880. Moyo wa chura ulidunda vizuri ndani ya maji ya chumvi yaliyochanganywa kwa maji ya bomba, ukazimika alipotumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Kilichokosekana ni kalsiamu ya bombani. (Napenda kisa hiki kwa sababu hakikuhitaji mashine ya mamilioni, kilihitaji mtu wa kuuliza maji yametoka wapi.)

Sasa nije kwa Roberto Docampo, Mwargentina ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi Marekani. Yeye aliifuata kalsiamu ndani ya tripanosoma, ukoo wenye kimelea cha ugonjwa wa Chagas huko Amerika ya Kusini na kimelea cha malale huku kwetu. Mwaka 1989, pamoja na Mbrazili Anibal Vercesi, alionyesha kwamba mitokondria ya kimelea cha Chagas huvuta kalsiamu kwa namna inayofanana sana na mitokondria ya binadamu. Mwaka 1994 wao na Silvia Moreno walikuta ndani ya kimelea cha malale vifuko vyenye asidi vinavyoficha kalsiamu. Vifuko vya aina hiyo vikaja kuitwa asidokalsisomu, na miaka kumi baadaye vikaonekana kufanana na vifuko vilivyomo kwenye chembe ndogo za damu zinazosaidia jeraha letu kuganda.

Lakini lile la mitokondria ndilo linalonishangaza zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilijulikana kuwa mitokondria huvuta kalsiamu, ila protini inayofanya kazi hiyo haikujulikana kwa karibu miaka 50. Waliotafuta walipata mwanga kwa kulinganisha viumbe. Hamira, ambayo wanasayansi huipenda kwa kuwa ni rahisi kufuga, haina uwezo huo. Mnyama anao, na tripanosoma anao. Basi protini inayotafutwa lazima iwepo kwa hawa wawili na isiwepo kwa hamira. Kwa njia hiyo protini moja ikapatikana mwaka 2010, na mlango wenyewe ukatambuliwa na makundi mawili, la Marekani na la Italia, mwaka 2011. Haikuchukua muda, madaktari wakagundua watoto wenye udhaifu wa misuli na ugumu wa kujifunza ambao hitilafu yao iko kwenye ile protini ya 2010.

Soma tena aya hiyo, mwenzangu, kisha uniambie kama hayo hayatuhusu. Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili za malale, ile ya kusini mashariki na ile ya gambiense iliyo kwetu, Arua, Koboko, Maracha, Yumbe, Moyo, Adjumani. Vitabu vyetu vya seli vinataja hamira kila ukurasa. Tripanosoma tunakutana naye kwenye somo jingine kabisa, kama orodha ya dalili za kukariri.

Tumezoea kuchangia majina na miili. Mwaka 1937 virusi vilitolewa kwenye damu ya mwanamke wa wilaya hii aliyekuwa na homa, vikaitwa West Nile. Mwaka 1999 jina letu likafika New York na kutisha watu ambao wasingeweza kutuonyesha kwenye ramani.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba kalsiamu ya Docampo haijamtibu mgonjwa hata mmoja wa malale, na kwamba feksinidazoli, vidonge vilivyoondoa mateso ya sindano, haikutokana na utafiti wa kalsiamu. Ni kweli. Lakini kumbukeni dawa iliyotangulia, melarsoproli, yenye aseniki ndani yake, iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 waliopewa. Katika miaka ya 1990, pale Omugo, ilishindwa kuwaponya wagonjwa wengi mno, waliokuwa wamevumilia sindano zake zote. Miaka mingi ikapita kabla watafiti hawajaonyesha kwamba vimelea sugu vya gambiense vina hitilafu kwenye mfereji mmoja wa utando ambao dawa huupitia kuingia ndani. Mfereji wa utando! Yaleyale mambo ya anasa. Mgonjwa alikuwa akipewa sumu ambayo kimelea kilikuwa kimeifungia mlango, na hakuna aliyekuwa na elimu ya kumwambia.

Hata vile vitambaa vya buluu na wavu mweusi vyenye dawa, vilivyosimikwa kando ya mito ya Arua na Maracha kuanzia 2011, vilitokana na watu waliokaa kumtazama mbung'o anavyotua, wakagundua kuwa kitambaa kidogo kinatosha. Mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nani angetoa fedha kwa mtu anayetazama nzi? Wenzetu wa hoja ya anasa wasingetoa.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya kufundishia mambo haya. Hoja hii inanichosha. Malale, mbung'o, kimelea, utando, hamira, hadubini: yote nimeyatumia hapa na hamkuhitaji mkalimani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Muuza samaki wa Arua anafanya biashara na Ariwara kwa Kiswahili hichohicho. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuandika ukurasa wa kwanza.

Mwaka huohuo wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya gambiense si tena tatizo la afya ya jamii Uganda. Tulifurahi, na tulistahili. Ila tafsiri yake ni kwamba wagonjwa wamepungua chini ya mmoja kwa kila watu 10,000 kwa mwaka. Haimaanishi kimelea kimekwisha. Koboko inapakana na Sudan Kusini na Kongo, na mbung'o hana pasipoti. Kipimo cha haraka kituoni hutoa dokezo tu. Anayethibitisha ni mtu mwenye hadubini anayekijua kimelea akikiona. Wagonjwa wakipungua, na watu wa namna hiyo hupungua, kwa sababu hakuna cha kujifunzia.

Ninachodai kwa walimu wetu ni kidogo. Muhula ujao, somo la seli lianze na tripanosoma badala ya hamira. Slaidi zilizokaushwa zinatosha, hazimuambukizi mtu. Tumwone kwa macho, tumchore, tuonyeshwe vifuko vyake vya kalsiamu viko wapi, na mtihani uulize hayo.