Injini Inayomisi kwa Vipindi

Enyi wazazi mnaosafiri kwa gari kuukuu kutoka Garissa hadi Dadaab, takriban kilomita 100 za jua na vumbi, tunawausia: injini ikimisi kisha ikatulia, msidhani imepona. Hitilafu ya namna hii humtatiza fundi, kwani gari hufika gereji likiwa limenyamaza. Hapo vipuri hubadilishwa kwa kubahatisha, na fedha za matumizi ya nyumbani zikateketea.

Basi andikeni kila mara imisipo: injini ilikuwa baridi au imepata moto? Gari lilikuwa na mzigo, au limesimama? Koili yenye ufa hushindwa ipatapo joto, ikipoa hurejea kazini. Waya wa plagi uliochakaa huvujisha umeme penye unyevu.

Karatasi hiyo mpeni fundi. Ikiwa kila silinda ina koili yake, kama Probox ya petroli, na abadilishane koili ya silinda inayomisi na ya jirani yake. Hitilafu ikihama, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, atazame plagi, kisha nozeli.

Taa ya injini ikimwekamweka, punguzeni mwendo, wala msiwapakie watoto safari ndefu kabla gari halijatengenezwa.